Biro ya pamoja ya Ndendere: ilijaa watu na bado ilikaribia kufunga

Watu wengi wakisikia biro ya pamoja, yaani ofisi ambayo watu wanaojifanyia kazi wenyewe wanalipia kiti kimoja kimoja, imefunga wanafikiri moja kwa moja ilikosa watu. Hii ya Bukavu, mashariki ya Congo, kwenye mtaa wa Ndendere, ilikuwa imejaa. Viti 14, kila kiti na mwenyewe, na kuna vijana walikuwa wanauliza kila wiki kama nafasi imetoka. Lakini kufikia mwaka wa tatu mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi miwili, intaneti ilishakatwa mara mbili, na watu waliokuwa wanakaa meza moja hawasalimiani tena. Mimi niliitwa kuangalia mahesabu, ndiyo kazi yangu, na wenyewe wamekubali niandike kisa chao mradi nisitaje majina, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao. Biro ilifunguliwa 2021 na mambo ninayosimulia yanaishia mwisho wa 2024, kabla vita haijafika mjini Februari 2025, kwa hiyo hapa hamtakuta habari za mabenki kufungwa, hiyo ni hadithi nyingine na nzito kuliko hii.

Tuanze na sababu ya watu hawa kutafutana. Bukavu mtu anayejifanyia kazi mwenyewe adui yake wa kwanza ni kuran, yaani umeme. Mji unategemea mto Ruzizi, na ile mitambo ya umeme ya Ruzizi I iko pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, imezeeka, halafu chupa na mifuko ya plastiki inayoshuka kutoka ziwani inaenda kuziba mashine. Delestaji, kukatiwa kuran kwa zamu, ni ya kila siku. Mtafsiri ana kazi ya kutuma saa kumi na moja jioni, kompyuta inazima saa nane, anaanza kutembea na chaja mkononi mpaka mtaa wa Nyawera kutafuta mahali pa kulipia chaji. Wengine walikuwa wanaenda kukaa kwenye mahoteli, unanunua kahawa moja ya dola 3 unaitunza masaa manne ili wasikufukuze kwenye wifi. Ndiyo hivyo watu saba wakakutana: mtafsiri, grafisti anayepanga kurasa na picha, mpiga video, fundi wa programu, arkitekti anayechora majengo, na makonsultanti wawili wa maONG, yale mashirika ya misaada. Wazo hawakulitoa mbali, walikuwa wanazijua biro za aina hiyo, iHub ya Nairobi iliyofunguliwa 2010 na kLab ya Kigali ya 2012, fundi wa programu alishawahi kupita kLab akafanya kazi pale akaona vijana wanavyosaidiana. Ila kule kulikuwa na wafadhili nyuma, iHub ilianza na pesa za Omidyar Network na Hivos. Ndendere hakukuwa na mfadhili. Kulikuwa na mifuko saba.

Walipata ghorofa ya juu ya nyumba moja, sebule kubwa, vyumba viwili vidogo na barza. Kodi dola 450 kwa mwezi, garanti, pesa ya dhamana inayowekwa mwanzoni, miezi sita, yaani 2.700. Hapa muwe makini kwa sababu kila kitu kilichofuata kimetoka hapa. Konsultanti mkubwa, wa umri na wa uzoefu, ndiye alikuwa na pesa siku ile, akatoa 1.500. Wale sita kila mmoja akatoa 200. Na kwa kuwa yeye ndiye ametoa nyingi na mama mwenye nyumba anamfahamu, kontra, yaani mkataba wa nyumba, ikaandikwa kwa jina lake. Halafu intaneti nayo kwa jina lake, kwa sababu ndiye mwenye RCCM, ile nambari ya kuandikisha biashara, na nambari ya kodi ya serikali. Halafu fakture, karatasi za kudai malipo, za kukodisha sebule kwa maONG zinazofanya mafunzo, nazo kwa karatasi zake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ninasema hivi kwa moyo wote maana nimesoma madaftari yao yote. Ilikuwa tu rahisi, na watu walikuwa na haraka ya kuanza kazi.

Sasa mahesabu. Nyumba ilikuwa inakula dola 1.000 kwa mwezi: kodi 450, intaneti 200, petroli ya jenereta kama 130, sentineri, yaani mlinzi, 80, usafi 50, chai na maji na karatasi 50, kashi pawa, kuran ya kulipia kabla, 40. Kuingiza: viti 14 kwa dola 50 ni 700, sebule ikikodishwa vizuri 250, wageni wa siku moja moja kama 60. Ni 1.010. Kwenye karatasi inafunga, tena inabaki dola 10. Kumbe kwenye daftari la kasa, yaani la pesa zinazoingia na kutoka, tarehe 5 ya mwezi ambayo ndiyo ilikuwa tarehe ya kulipa, waliokuwa wanalipa ni nane au tisa. Wengine wanalipa tarehe 20, wengine mwezi unaofuata, wengine wanalipa miezi mitatu kwa mara moja halafu wanapotea. Nilipofika deni la wanachama lilikuwa limefika dola 1.900, na kila mtu alikuwa ameshaamua moyoni mwake nani ni mwizi.

Mimi nikafanya kitu kimoja. Nikamwomba kila mtu aniletee fakture zake za nje ambazo wateja hawajalipa. Walisita kidogo, wengine hawapendi watu wajue wanapata ngapi, lakini waliniletea. Jumla ilikuwa dola 11.400. Hebu fikirieni, watu wanaodaiwa 1.900 na nyumba wao wenyewe wanadai 11.400 huko nje! Hawakuwa maskini wala wabishi, walikuwa wanasubiri. Mtu wa kazi za ONG analipwa kwa vipande, kipande kwenye kusaini, kipande akitoa ripoti ya kwanza, kipande cha mwisho ripoti ikikubaliwa, na kukubaliwa kwenyewe kunaweza kuchukua miezi miwili kwa sababu fulani yuko konje, yaani likizo, fulani yuko misheni ya kazi, fulani hajasoma. Grafisti yeye analipwa kitabu kikitoka imprimeri, kule kinakochapwa. Mpiga video alikuwa anadai kazi ambayo tangazo lake tayari lilishapita kwenye televisheni. Ukimwambia mtu kama huyo alipe 50 kila tarehe 5 kama mfanyakazi wa serikali, unamfanya awe mdaiwa hata kama ni mtu mwaminifu kabisa.

Na tusidhani ni ugonjwa wa Bukavu peke yake. WeWork, kampuni ya New York ya kukodisha biro za pamoja iliyoanza 2010, ile iliyosemekana mwanzoni mwa 2019 thamani yake inafika dola bilioni 47, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2023, na sehemu kubwa ya shida yake ilikuwa hii hii: yeye mwenyewe amefungwa na kontra ndefu za majumba, na wateja wake wanalipa kwa muda mfupi na wanaondoka wakitaka. Kodi haisubiri, mkaaji anasubiriwa. Ndendere walikuwa na hesabu ile ile kwenye ghorofa moja.

Lakini pesa peke yake isingewafikisha kwenye kununiana. Kilichovunja nyumba kilikuwa karatasi iliyosahauliwa kwenye imprimanti, mashine ya kuchapa.

Ilikuwa asubuhi, jenereta imetoka kuwashwa, imprimanti ikaanza kutoa kazi zilizokwama tangu jana jioni kuran ilipokatika. Grafisti anasubiri ukurasa wake wa rangi, kabla yake zinatoka kurasa nne nyeusi, anazichukua ili aziweke pembeni, na macho yanaona jina la ONG ambayo yeye ameifanyia kazi wiki mbili. Kontra. Ripoti ya tathmini pamoja na kuitafsiri, kuipanga na video fupi, jumla dola 3.200, kwa jina la konsultanti mkubwa. Yeye grafisti alikuwa amelipwa 150 kwa kupanga kurasa 90 na ramani saba. Mtafsiri, kwa kazi ya Kifaransa kwenda Kiswahili na Kiingereza, 220. Hakupiga kelele. Aliziweka zile kurasa kwenye meza ya konsultanti, maandishi yanaangalia juu, akaenda kukaa. Mpaka saa sita kila mtu ndani ya nyumba alikuwa anajua.

Uchungu zaidi ni kwamba ile ONG haikumjua konsultanti kabla. Ilikuja Ndendere kukodisha sebule kwa mafunzo, ikaona watu wanafanya kazi, ikauliza nani anaweza kuandika ripoti. Kwa hiyo mteja alikuwa ameingia kwa mlango wa wote, na ametokea kwenye mfuko wa mmoja.

Nilikaa na konsultanti jioni moja pale barzani na nilimsikiliza mpaka mwisho, na ninaomba na ninyi mumsikilize. Alisema, ile ofa, karatasi ya kuomba kazi kwa ONG, nimeiandika usiku mbili mbili peke yangu. Karatasi za kodi ya serikali ni zangu, kila mwaka ninazihangaikia ofisini, bila RCCM yangu hakuna hata mmoja wao angeruhusiwa kuweka ofa. Na nikichelewesha ripoti anayeadhibiwa ni mimi. Ni kweli tupu. Mtu anayebeba karatasi na hatari anastahili zaidi, na wasanii wa nyumba ile walikuwa wanalisahau hilo kwa urahisi. Ila alikosea kunyamaza. Kama angesema toka siku ya kwanza kontra ni 3.200, mimi nachukua hizi kwa sababu hii na hii, wangebishana nusu saa wakaelewana. Kwa kunyamaza aliwafanya wenzake wawe vibarua wake bila wao kujua.

Siku za kwanza baada ya ile karatasi watu walikuwa wanakuja bado, maana wamelipa, lakini kila mtu na ekuta masikioni. Chai ya saa nne ikaisha. Mtu akikwama hamuulizi mwenzake, anatafuta peke yake. Hiyo chai ya saa nne ilikuwa na faida kuliko intaneti, pale ndipo arkitekti alikuwa anamwambia mpiga video kuna jengo linazinduliwa mtaa wa Muhumba nenda ujitambulishe, pale ndipo fundi wa programu alijifunza kuandika ofa. Mimi sioni faida ya kulipa dola 50 kwa kiti na soketi kama hiyo haipo, bora ukae nyumbani na watoto wako.

Halafu kwenye kikao cha hasira mtu mmoja akamwambia konsultanti atoke, naye akajibu neno ambalo wote walikuwa wanaliogopa: nyumba ni yangu, mtatoka ninyi. Na kisheria alikuwa na haki kuliko walivyofikiri. Congo iko ndani ya OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 12 Septemba 2012, na kwenye sheria yake ya biashara kontra ya nyumba ya kazi ina vifungu ambavyo kila mtu anayefungua biro ya pamoja angepaswa kuvisoma kabla hajanunua meza. Kifungu cha 121 kinasema kukodisha tena kwa wengine ni marufuku isipokuwa kontra yenyewe imeruhusu. Ya kwao ilikuwa kimya. Maana yake watu 13 waliolipa karibu miaka mitatu, mbele ya sheria walikuwa wageni wa mtu mmoja, na mwenye nyumba angeweza hata kukasirika kuwakuta pale. Kifungu cha 123 kinampa mpangaji haki ya kudai kontra iendelee akishatumia nyumba miaka miwili kwa kazi iliyoandikwa. Mpangaji ni nani? Risiti zote ni jina moja. Tuliposoma hivi vifungu kwa sauti pale sebuleni hakuna aliyeongea, hata konsultanti mwenyewe alishtuka, maana na yeye alijikuta amefanya kilichokatazwa bila kujua.

Aliyefungua njia ni mama mwenye nyumba. Anakaa chini, anauza vitenge, na alikuwa amechoka kusikia hatua za watu wanaoshuka bila kumsalimia. Tulishuka wanne kumwona. Mtafsiri akaongea kwanza, kwa heshima, mama tumekuja kuomba msamaha kwa miezi miwili. Mama akamwacha amalize halafu akasema: "Mi niko najua mutu moja tu, ule alisaini. Bengine bote munapitaka hapa sawa bageni. Mimi nataka kujua nani nitamugongea mulango mwezi ikiisha." Na baadaye kidogo, wakati tunaelezea habari ya pesa zinazochelewa, akatuuliza kwa nini watu waliosoma hawana kasa wakati bamama wa sokoni wanayo.

Hilo swali ndilo lilijenga upya ile nyumba. Kivu nzima inajua AVEC, ule mtindo wa kuweka na kukopeshana ambao shirika la CARE lilianzisha kule Niger mwaka 1991, sanduku lenye kufuli tatu, watu wanakutana kila wiki wananunua hisa. Wanachama wakaanza, hisa dola 5, angalau moja kwa wiki. Watu 14 ni 70 kwa wiki, baada ya wiki 12 kulikuwa na 840 kwenye sanduku. Kazi yake ya kwanza si kugawana mwisho wa mwaka, ni kulipia kiti cha mtu anayesubiri pesa. Unaleta kontra iliyosainiwa au fakture ambayo mteja ameipokea, sanduku linalipa mwezi wako, wewe unarudisha na nyongeza ya asilimia 5 pesa zikifika. Bila karatasi ya mteja hupati. Hapo ndipo watu wengine walianza kudai wateja wao wasaini kitu, wakati zamani walikuwa wanafanya kazi kwa mdomo na ujumbe wa WhatsApp. Mimi hiyo naihesabu kama faida kubwa kuliko zile 840.

Ada nayo tuliikata vipande viwili. Dola 40 kwa mwezi kwa kila mwenye kiti, hiyo inalipa kuta na sentineri, uwe umekuja au hukuja. Halafu dola 1 kwa kila siku uliyokuja, hiyo ni ya petroli na intaneti. Kulikuwa na manung'uniko ya muda mrefu kwamba anayekaa wiki tatu terrain, yaani kazini nje ya mji, kule Shabunda au Uvira analipa petroli iliyochomwa na wengine, na walikuwa na haki. Kwa wastani mtu anakuja siku 15, kwa hiyo 560 na 210, ongeza sebule na wageni, inafika 1.080. Dola 80 zinazobaki hazikuonekana kwa macho, maana zilikuwa zinaenda kwenye deni la garanti.

Deni hilo lilikuja hivi. Walianzisha ushirika mdogo, ule ambao sheria ya OHADA ya 15 Desemba 2010 inauita ushirika uliorahisishwa, unahitaji watu watano tu na kila mtu ana kura moja hata kama ametoa pesa nyingi. Kupata karatasi zote kulichukua kama miezi minne na uvumilivu mwingi. Mama akasaini kontra mpya na ushirika, ndani yake imeandikwa wazi kwamba wanachama na wageni wao wanaruhusiwa, akaongeza masharti yake: watu wasizidi 20 kwa mara moja, kumwaga choo ni juu yao, na geti linafungwa saa mbili usiku. Konsultanti akaachia kontra yake kwa kuandika, na ushirika ukakubali kumrudishia 1.500 zake kidogo kidogo kila mwezi. Kuna waliosema asirudishiwe. Nilipinga kabisa. Bila zile pesa wasingeingia kwenye ile nyumba, na ushirika unaoanza kwa kumdhulumu mtu mmoja utamdhulumu mwingine.

Kuhusu kazi, kanuni yao mpya ni fupi. Mteja aliyeingia kwa mlango wa nyumba, awe amekuja kukodisha sebule au amepiga simu ya biro, kontra yake inasomwa na wote watakaofanya hiyo kazi kabla haijasainiwa. Aliyemleta na kuandika ofa anachukua asilimia 10 juu ya sehemu yake ya kazi, nyumba inachukua 5, kinachobaki kinajadiliwa kwa bei zinazoonekana. Mteja wako wa zamani ni wako, hakuna anayeuliza. Na kwa kuwa ushirika sasa una nambari yake ya kodi ya serikali, grafisti aliweka ofa ya kwanza ya maisha yake kwa maandishi, ya kupanga vitabu vya shule, na konsultanti ndiye alimsomea na kumrekebishia bajeti. Hao wawili bado hawanywi chai pamoja. Wanafanya kazi vizuri, wanaheshimiana kwenye karatasi, lakini mengine yatachukua muda na sidhani kuna kanuni ya kuharakisha hilo.

Nilipofunga vitabu vyao mwisho wa 2024 lilibaki swali moja ambalo walipiga kura wakagawanyika saba kwa saba. Ni wale vijana waliokuwa wanauliza nafasi, wengi wanamaliza chuo, wana ujuzi wa kompyuta na hawana dola 40. Saba wanasema viti vinakaa tupu kila wakati wenyewe wako terrain, waingie mchana kwa dola 15 kwa mwezi. Saba wanasema kesho hao vijana watafanya kwa 50 kazi ambayo sisi tunafanya kwa 150. Mimi sina kura, ila niliwaambia msimamo wangu: waingie, na kanuni ya kusoma kontra iwahusu na wao tangu siku ya kwanza, ili mteja akija asipate pa kuwagonganisha. Waliahirisha mpaka kikao cha Januari.